UZI: Mlezi na mtoto mwenye haya wa familia ya wahamiaji, kuanzia siku ya kwanza mpaka kuagana

BahariShwari (mleta uzi)

Salaam wakuu. Uzi huu ni wa walezi wa kujitolea: wale watu wazima wanaokutana na mtoto mmoja kila wiki, shuleni, maktabani au kwenye klabu, ili awe na mtu wake nje ya nyumbani. Tuzungumzie mtoto wa aina moja tu, yule mwenye haya ambaye familia yake imehamia nchi ngeni na lugha ya huko bado haijamkaa mdomoni.

Kinachoharibu kazi hii mapema ni mlezi kudhani ametumwa kumfanya mtoto aongee. Hakutumwa hivyo. Ametumwa kumfanya mtoto atulie akiwa naye. Mtoto akishatulia, maneno hutoka. Yakidaiwa kabla ya hapo, mtoto hujifunza kwamba hata mtu huyu mpya ana mtihani wake.

Kabla ya mkutano wa kwanza, jua ni ukimya wa namna gani. Ziko namna tatu na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni haya za tabia. Mtoto huyu hata kwa lugha ya nyumbani, hata kwa shangazi ambaye hakumwona kwa mwaka mzima, hujificha kwanza nyuma ya mama ndipo achangamke. Anataka muda wa kuzoea, basi.

Ya pili ni kipindi cha kimya cha lugha mpya. Mtoto anasikiliza na kukusanya, na anaelewa mengi kuliko anayotamka. Kinaweza kwenda wiki kadhaa, kinaweza kwenda miezi, na mara nyingi wadogo ndio hukaa zaidi. Nyumbani ni chiriku.

Ya tatu ni ile ambayo wataalamu huiita ukimya teule, na chanzo chake ni hofu kubwa, si ukaidi. Nyumbani anaongea vizuri, shuleni hatoi sauti, na hali hiyo imezidi mwezi mmoja bila kuhesabu mwezi wa kwanza wa shule.

Ya pili na ya tatu zinafanana sana kwa nje. Zipambanue hivi: angalia mtoto anafanya nini kwa lugha yake mwenyewe akiwa mbele ya watu wa nje. Aliye kwenye kipindi cha kimya akikutana uwanjani na mwenzake wa lugha ileile, ataongea naye. Mwenye ukimya teule hunyamaza hata hapo, na mara nyingi uso na mwili vinakakamaa. Huyo apelekwe kwa mtaalamu wa matamshi au saikolojia ya watoto. Mlezi abaki naye kama rafiki, asijigeuze tabibu.

Na kabla ya yote hayo, ulizeni kama masikio yamepimwa. Mtoto asiyesikia vizuri katika lugha ngeni huonekana mwenye haya tu, na miaka inapita hivyohivyo.

KinaraMezani

Mleta uzi umeanza panapostahili. Naongezea upande wa wazazi, maana hayo yote huyapati bila wao.

Usiwaulize "mtoto wenu ana haya?" Watajibu ndiyo kwa adabu na mazungumzo yataishia hapo. Uliza mambo yanayoonekana kwa macho. Nyumbani anacheka na nani? Simu ya ndugu ikipigwa anaipokea au anakimbia? Alianza kuongea akiwa na umri gani kwa lugha yenu? Kabla ya kuhama alikuwa hivihivi? Hilo la mwisho lina uzito wa pekee. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akanyamaza baada ya safari si sawa na aliyekuwa mpole tangu utotoni. Ukisikia amebadilika ghafla, ana ndoto mbaya au amerudi kukojoa kitandani, peleka taarifa kwa mratibu wako wiki hiyohiyo.

Kuna maswali ambayo mlezi hayaulizi kabisa: mlikuja kwa njia gani, mna karatasi gani, kwa nini mliondoka. Hata kwa nia njema, hayaulizi. Familia nyingi zimeshahojiwa na maofisa mara kadhaa, na swali kama hilo linakuweka upande wa meza waliokaa maofisa hao. Wakikusimulia wenyewe, sikiliza, wala usiyaandike kwenye taarifa zako za wiki. Kisichohusu usalama wa mtoto hakina kazi kwenye faili.

Mzazi naye ana maswali matatu moyoni hata asipoyatamka. Wewe ni nani? Nani anakusimamia? Je, unakuja kumchukua mwanangu kifikra, aone kwao hakufai? Jibu yote matatu kabla hujaulizwa, mbele ya mkalimani mtu mzima. Jifunze salamu ya lugha yao na uitamke vizuri kadiri uwezavyo.

MwalimuKaribu

Hapo kwenye mkalimani napigilia msumari: MTOTO ASIWE MKALIMANI WA MAMBO YAKE MWENYEWE. Watoto hawa hushika lugha mapema kuliko wazazi, kisha kila barua na kila miadi inatupiwa mabega yao. Kutafsiri tangazo la likizo hakuna neno. Kutafsiri kikao kinachomhusu yeye ni kumpa mzigo wa aina mbili: anasikia kasoro zake zikitajwa, halafu anatakiwa amwambie mama yake kwa mdomo wake mwenyewe. Mtoto mwenye haya akipitia hilo mara moja, humkwepa kila mtu aliyekuwa chumbani.

Jambo la pili ni jina. Mwombe mzazi alitamke mara tatu, umrekodi kwa ruhusa yake, ukafanye mazoezi nyumbani. Usilikate wala kulipachika umbo la wenyeji ili likurahisikie. Mtoto mkimya hawezi kukusahihisha, atalivumilia jina lisilo lake mwaka mzima.

BahariShwari

Sawasawa kabisa. Sasa tuje kwenye mkutano wenyewe.

Siku ileile ya wiki, saa ileile, meza ileile. Mikutano minne ya kwanza isizidi dakika 45, baadaye unaweza kufika saa nzima au saa moja na nusu. Mtoto mwenye haya huchoka na watu kabla hajaonekana kuchoka, na ukimwachia aondoke akiwa bado anataka, wiki ijayo anakuja mwenyewe.

Kaeni ubavu kwa ubavu au kwenye kona ya meza, msikae uso kwa uso. Macho yenu nyote yawe kwenye kitu kimoja. Kitu hicho kiwe cha mikono, kiwe na mwisho unaoonekana, na kisihitaji maneno: picha ya vipande (48 mpaka 100 kwa mtoto wa miaka 7 hadi 9, vichache zaidi kwa mdogo), udongo wa kufinyanga, drafti, kuunganisha kitu kilichofunguka, kupanda mbegu kwenye kopo. Weka viwili mezani, achague kwa kunyoosha kidole. Mikutano ya kwanza epuka michezo ya kushindana kwa kasi, na epuka kabisa ile ya kutaja majina ya vitu.

Dakika 10 za mwanzo, wewe simulia kazi inayoendelea. "Hiki kipande kina rangi ya anga. Ngoja nijaribu pembeni. Hapana, hakikai." Sauti ya kawaida, sentensi fupi, halafu nyamaza kidogo. Huulizi kitu. Kwa kila swali moja unalotaka kuuliza, toa kwanza kauli tatu au nne zisizodai jibu. Walezi wageni hufanya kinyume, swali juu ya swali, kwa sababu ukimya unawaumiza wao kuliko unavyomuumiza mtoto.

Maswali nayo yana ngazi. Anza na linalojibiwa kwa kidole au kichwa. Kisha la ndiyo na hapana. Kisha la kuchagua: "Tuanze na nyekundu au bluu?" Hapa ndipo neno la kwanza hutoka kwa wengi, maana jibu umeshamwekea mdomoni. Kisha la neno moja. La wazi kabisa, kama "Wikiendi ulifanya nini?", ndilo gumu kuliko yote na ndilo watu wanaanza nalo. Mtoto akikwama, shuka ngazi moja, usirudie swali lilelile kwa sauti kubwa.

Msomi_wa_Jioni

Hapo kwenye kusubiri kuna utafiti. Mary Budd Rowe, mwanasayansi wa elimu wa Marekani, alipima darasani miaka ya 1970 akakuta walimu husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu na watoto ambao kwa kawaida hawajibu wakaanza kujibu. Kwa mtoto anayepika jibu kwa lugha moja kisha kulipakua kwa nyingine, mpe 5 mpaka 10. Hesabu kimoyomoyo huku unaangalia kazi. Ukimkodolea macho, hizo sekunde zinageuka adhabu.

Na kuhusu macho: mtoto kutokukutazama si lazima iwe haya. Kwenye jamii nyingi kuinamisha macho mbele ya mkubwa ndiyo heshima yenyewe. Usimfundishe "niangalie ninapoongea nawe", utamvunjia adabu aliyofunzwa kwao.

Jiwe_la_Msingi

Wakuu samahani, naona mnabembeleza sana. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto akiachiwa kunyoosha vidole mwaka mzima ataongea lini? Asimamishwe mbele ya wenzake, aseme jina lake, aogope siku mbili, ya tatu azoee.

BahariShwari

Mkuu Jiwe, hoja yako wanayo wengi, acha niijibu kwa kirefu.

Hofu hupungua mtu anapokutana na anachokiogopa kwa kipimo anachokimudu, akatoka salama. Hilo ni kweli, na ndiyo maana hatumwachi kwenye ngazi ya kidole milele. Lakini anayesimamishwa mbele ya watu 30, akashindwa, akarudi kukaa huku wenzake wanacheka, hajatoka salama. Alichojifunza ni kwamba alikuwa sahihi kuogopa. Mwili wake umepata nafuu pale alipoacha kuongea, na mwili hukumbuka nafuu. Siku ya tatu unayoitegemea haifiki.

Kumkunja samaki ndiko huku: kila baada ya wiki mbili au tatu unaongeza kitu kimoja tu. Badilisha ama mahali, ama mtu, ama urefu wa jibu. Usibadilishe viwili kwa pamoja. Akiwa anasema maneno mawili matatu mezani kwenu, mpandishe hapohapo mezani kwenye sentensi, na watu wasiongezeke. Akiyamudu, mtu mmoja aongezeke na yeye arudi kwenye neno mojamoja. Kila mtu mpya akiingia, shusha ngazi. Walezi wengi husahau hilo la mwisho, wakaona mtoto amerudi nyuma wakakata tamaa, kumbe hakurudi popote.

MwalimuKaribu

Naongeza yanayoharibu siku ambayo neno la kwanza limetoka, maana mlezi anakuwa amesubiri kwa hamu hata anajisahau.

Usishangilie. "Umeongea! Hongera!" humwambia mtoto kwamba wote mlikuwa mnamhesabia. Jibu alichosema. Amesema "bluu", mpe ya bluu, endelea na kazi.

Akinong'ona, jibu kwa sauti yako ya kawaida. Usimwambie aongeze sauti. Hujasikia? Sema "Hebu nisogee, sikushika vizuri." Kosa la kutosikia libebe wewe.

Akikosea sarufi, rudisha sentensi ikiwa sahihi ndani ya jibu lako. Kasema "Mimi kwenda jana", wewe sema "Kumbe jana ulikwenda! Ulikwenda na nani?" Hakuna kusimamisha, hakuna "rudia baada yangu".

Usimpe zawadi kwa kuongea. Na usimsemee mbele ya watu kwa kuharakisha. Mtu akimuuliza, hesabu sekunde 5, mgeuzie swali kuwa la kuchagua, mpe 5 nyingine, ndipo umwokoe kwa sentensi fupi: "Bado anafikiria, atatuambia baadaye." Usiseme "ana haya huyu". Lebo ikishatamkwa mbele yake, anaivaa.

Upepo_wa_Kusi

Naomba kuuliza. Mtoto wa darasa la kwanza, hana neno hata moja la lugha ya shule, anazuia haja mpaka arudi nyumbani, wakati mwingine anajikojolea. Mlezi aanzie wapi?

KinaraMezani

Upepo, hilo ni la dharura na lina njia yake. Kuzuia haja kila siku kunaleta maambukizi ya njia ya mkojo na kufunga choo, kwa hiyo usingoje aongee.

Tengeneza kadi tatu ukubwa wa kiganja: choo, sijaelewa, naumwa. Picha upande mmoja, neno upande wa pili. Mwalimu akubaliane nanyi mapema kwamba kadi ikiwekwa kwenye pembe ya dawati, ruhusa imetoka, hakuna swali. Siku hiyohiyo mtembeze mtoto mpaka chooni wakati hakuna watu, afungue mlango, akute komeo, asikie maji yanavyovuma. Watoto kadhaa huogopa choo chenyewe kwa sababu hakifanani na walichokizoea.

Kadi ikishatumika wiki mbili tatu bila wasiwasi, anza kupandisha: kadi pamoja na neno kwa mnong'ono akiwa na wewe kwenye darasa tupu, kisha mwalimu akiwa mlangoni, kisha mwalimu akiwa karibu. Kadi hainyang'anywi. Mtoto mwenyewe ataacha kuichukua.

Nuru_ya_Asubuhi

Shukrani wakuu. Mbona walimu wengine wanawaambia wazazi waache lugha yao nyumbani, waongee ya shule ili mtoto ashike haraka?

Msomi_wa_Jioni

Ushauri mbaya, dada Nuru, na unaumiza nyumba nzima. Mzazi anayeongea lugha asiyoijua anabakiwa na amri fupi tu: kula, lala, acha. Mtoto anapoteza mazungumzo marefu, hadithi, maelezo ya kwa nini. Hayo ndiyo yanayojenga fikra, na fikra ikishajengwa kwa lugha ya kwanza inahamia kwenye ya pili. Zaidi ya hapo, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 29, unataka elimu imjenge mtoto kuheshimu wazazi wake, utambulisho wake na lugha yake.

Jim Cummins, mtafiti wa lugha wa Toronto, alitenganisha lugha ya maongezi na lugha ya masomo. Ya maongezi huchukua mtoto mhamiaji kama miaka 2, ya masomo kama 5 mpaka 7 kufikia wenzake. Mlezi azishike tarakimu hizi kichwani, kwa sababu kwenye mwaka wa tatu mtoto anacheza na kutania vizuri, halafu insha inamshinda, na watu wanaanza kumwita mvivu. Si mvivu. Yuko katikati ya njia ambayo kwa kawaida ni ndefu.

BahariShwari

Kuhusu kumwingiza mwenzake. Subirini mikutano 8 mpaka 10 kwanza. Mwenzake awe mmoja, mtulivu, mwenye subira. Yule mchangamfu kuliko wote darasani atajaza nafasi yote ya maneno. Aanze akiwa upande wa pili wa chumba na kazi yake. Mtoto wako akiendelea kama kawaida, mkutano unaofuata asogee meza ya jirani, kisha meza yenu. Wape kazi isiyofanyika kwa mikono miwili: mmoja anashika, mwingine anafunga. Wakishazoeana wewe jitoe kidogokidogo, nenda kalete kitu, kaa mbali dakika 5, kisha 10.

Mpeni pia nafasi ya kuwa mjuzi. Akufundishe maneno matano ya kwao, na ukosee kweli, akurekebishe. Ila tahadhari, hilo libaki kati yenu. Kumsimamisha kwenye sherehe aiwakilishe nchi yake ni jukwaa lilelile tulilolikataa juu, na huenda nchi hiyo aliiacha akiwa mchanga au ina kumbukumbu asizozitaka.

Jiwe_la_Msingi

Nimekuelewa mkuu, kipimo ndicho nilichokuwa sijakiona. Na wakubwa kidogo? Miaka 13, 14?

MwalimuKaribu

Huyo aibu yake kubwa ni lafudhi na kuonekana mtoto. Usimpe vitabu vya watoto wadogo hata kama kiwango chake cha kusoma kiko hapo. Tafuta maandishi mepesi ya mambo ya umri wake: michezo, mitambo, ramani, maelekezo ya kutengeneza kitu. Tembeeni badala ya kukaa. Kama ana wasilisho darasani, ajirekodi peke yake nyumbani, afute mara atakazo, kisha mwalimu asikilize rekodi kwa ruhusa yake. Ya pili aisome mbele ya mwalimu peke yake. Ya tatu mbele ya wenzake wawili aliowachagua.

Mabadiliko yapime kwa daftari: tarehe, nani alikuwepo, ngazi ya juu aliyofika, na mara ngapi ALIANZISHA yeye. Safu hiyo ya mwisho nairudia: neno, ishara, hata kukusogezea kitu bila kuombwa, vyote ni kuanzisha. Idadi ya maneno inapanda na kushuka kila wiki. Kuanzisha kukipanda mfululizo, mtoto anafunguka.

KinaraMezani

Usalama, kwa haraka lakini bila kupunguza. Mahali pa wazi, mlango wazi, mtu mzima mwingine anawaona. Hakuna siri kati ya mlezi na mtoto. Hakuna ujumbe wa simu kwa mtoto bila mzazi kuwemo, hakuna picha bila idhini iliyoandikwa kwa lugha anayoisoma mzazi. Akikuambia jambo la kudhuriwa, usiahidi kulificha, usimhoji, andika maneno yake kama alivyosema na uripoti siku hiyohiyo.

Zawadi kubwa na fedha usitoe. Baba anayehangaika kupata kazi akiona mwanawe anarudi na viatu vipya kutoka kwa mtu baki, umemfedhehesha ndani ya nyumba yake.

Upepo_wa_Kusi

Asanteni sana, kadi naanza kuziandaa leo. La mwisho: mlezi akihama au muda ukiisha, anaagaje? Mtoto huyu ameshaaga watu wengi.

BahariShwari

Swali zito. Kwanza usianze kama huna uhakika wa mwaka mmoja. Utafiti wa Jean Grossman na Jean Rhodes uliochapishwa 2002 ulionyesha kwamba vijana waliokaa na mlezi mwaka mmoja au zaidi ndio walionufaika zaidi, na wale ambao uhusiano ulivunjika mapema, ndani ya miezi mitatu, walishuka katika kujithamini. Kuanza na kukatiza kunaweza kuwa kubaya kuliko kutokuanza. Hata wiki moja usipoweza kufika, taarifa ifike kwake kabla ya saa yenu, si baada.

Mwisho ukikaribia, mwambie wiki 6 kabla, mzazi akijua siku hiyohiyo. Chora kalenda ya miraba, kila mkutano afute mmoja. Sababu iwe ya kweli na isimhusu yeye: "Kazi yangu inahamia mji mwingine." Usiahidi kumtembelea kama huna hakika. Mikutano miwili ya mwisho tengenezeni kitabu cha karatasi chenye picha za vitu mlivyotengeneza, na yeye ndiye aandike chini ya kila picha, kwa lugha yoyote atakayo. Kama kuna mlezi mwingine anakuja, aingie mikutano mitatu kabla yako kuondoka, akianzia upande wa pili wa chumba kama tulivyosema kwa yule mwenzake.

Siku yenyewe fanyeni kazi ya kawaida, saa ya kawaida. Asipotaka kuaga kwa mdomo, mpe kitabu mkononi, mtaje kwa jina lake lote, umwambie ulichofurahia kufanya naye. Akiondoka bila kugeuka nyuma, mwache aende.